Mwenyewe Aichukue

Kwetu Jumapili ilikuwa siku ya pilau na siku ya kubadilishana barua. Mkishakula, mikono bado ina harufu ya bizari, Baba mdogo anaweka mezani kikapu cha ukili ambacho Bibi alikuja nacho kutoka Tanga, na ndani mna barua zote za wiki zilizoandikwa jina langu. Taabu ni kwamba jina langu halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa pia la binti wa Baba mdogo, herufi kwa herufi, la kwanza na la ukoo. Barua zetu zilikuwa zikiingia nyumba yoyote zinayoitaka, kwao Mount Dennis au kwetu Thorncliffe Park, mitaa miwili ya Toronto, bila kuuliza mtu.

Yaliyoleta balaa hili ni mapenzi ya watoto kwa mama yao. Baba na Baba mdogo walipata kila mmoja binti wake wa kwanza, tumepishana siku arobaini, na kila mmoja kwa siri yake akaamua kumfurahisha mama yake kwa kumpa mtoto jina lake. Nyumbani hilo si neno. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Ukisema fulani binti fulani, maneno yamekwisha. Lakini tulipofika Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukakuta watu wa huku wanataka jina la mbele na jina la nyuma tu. La katikati hawana shughuli nalo. Baba zetu wakamezwa na fomu, tukabaki mimi na mwenzangu na jina la Bibi mbele na la Babu nyuma.

Bibi alipokuja miaka michache baadaye, Baba alimjazia makaratasi yake mwenyewe, hataki msaada wa mtu. "Kwani mimi sikusoma?" Badala ya kumwandika kwa jina la baba yake, alilozeeka nalo, akamwandika kwa jina la mumewe, eti serikali ione familia ni moja. Bibi alipoelezwa pale uwanja wa ndege alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani. "Kumbe nimeolewa upya na marehemu," akasema.

Kwa hiyo wenye jina lile tulikuwa watatu. Nasema hivi leo. Wakati ule mimi na mwenzangu, wallahi, tulikuwa tunahesabu wawili.

Bibi alikaa kwa zamu, miezi mitatu kwetu na miezi mitatu kwao, na sote wawili alituita "somo", kama inavyostahili kumwita mtu mliyefanana naye jina. Wengine, ili wasipate wazimu, waliniita mimi Macho na mwenzangu Kamera. Lakabu hizo zilitokana na kazi zetu. Mimi nilisomea namna akili inavyoona. Nilikaa chuoni kwenye chumba chenye giza, nikawaonyesha watu picha ya jiko, nikaizima, nikairudisha birika limeondoka, nikawauliza kimebadilika nini. Tisa katika kumi wanakodoa macho tu. Kazi yangu kwa kifupi ilikuwa kuthibitisha kwamba binadamu haoni kilicho mbele ya pua yake, na nilikuwa najiona hodari kweli kweli.

Kamera alitengeneza filamu za watu wa kweli wanaofanya mambo yao ya kila siku. Aliwasha mashine yake akakaa kimya mpaka watu wakasahau kama yupo. Filamu yake ya kwanza ilihusu lifti ya lile jengo la St. James Town tulikofikia mwanzo, lifti iliyokuwa inafanya kazi ikipenda. Dakika arobaini! Watu wanangoja lifti, wanagombana, wanapatana, wanaamua kupanda ngazi, na lifti inafika wakiwa ghorofa ya sita. Mimi nililala, lakini wanaojua mambo hayo walimpigia makofi.

Sasa hebu jaribu kuwaeleza hayo mama zetu. Kwao mimi nilikuwa daktari wa macho na mwenzangu mpiga video wa harusi, basi. Nikikanyaga ukumbi wa Idi, mtu ananishika mkono.

"Mwanangu, hebu nitazame hili la kushoto."

"Shangazi, mimi si daktari."

"Miaka yote hiyo chuoni ulikuwa unafanya nini?"

Na kwa kuwa jina ni moja, mara nyingi walimpigia simu asiyehusika. Mama mmoja alimpigia Kamera kumlalamikia jicho linatoa machozi. Kamera, alishachoka kueleza, akamwambia apepese macho mara ishirini kila asubuhi na ale karoti. Mama wa watu akapona! Mwaka mzima akawa ananiletea mimi sambusa za shukrani. Nilizila. Mtu atakataa sambusa kwa ajili ya ukweli?

Naye Kamera aliwahi kuletewa kwenye kompyuta makala ya wataalamu, aisome atoe maoni, ilikuwa inanitafuta mimi. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba mwanzo ni mzito, katikati panalegea, na mwisho hakuna mtu wa kumlilia. Nilikuja kujua nilipoandikiwa kushukuriwa kwa kusema kweli bila kuogopa. Hao wataalamu wakaiandika upya, na nakwambia ikawa bora.

Utauliza, si mfungue tu barua muone ni ya nani? Tulijaribu. Siku moja nilifungua bahasha, nikasoma kwamba maombi yangu hayakukubaliwa, nikalia siku mbili, nikampigia simu profesa wangu nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Kumbe ilikuwa ya Kamera, alinyimwa msaada wa filamu. Tangu siku hiyo Baba mdogo akapiga marufuku. "Bahasha ya mtu ni nguo yake ya ndani," alisema, amesimama, kidole juu. "Haifunguliwi na mwingine." Kwa hiyo kila barua ikawa inatazamwa kwa nje tu. Ukiwa na hakika ni yako, fungua. Huna hakika, mrushie mwenzio.

Basi baridi moja Bibi akaanza kulalamika kuhusu macho. Alisema karatasi za nchi hii zina wino hafifu. Alisema taa za Mount Dennis ni dhaifu kuliko za Thorncliffe, na akihamia Thorncliffe anasema kinyume chake. Baba mdogo akampeleka kwa daktari wao wa kawaida, naye akasema huenda ni mtoto wa jicho. Ataandika kwa wakubwa wa kliniki ya macho, wao watamletea Bibi barua ya siku ya kwenda. Baba mdogo, anavyopenda kufanya mambo yaonekane madogo, akatuambia Bibi anangoja miwani.

Bibi alilibeba jambo lile moyoni. Kila Jumapili kikapu kikitua, kabla hatujatia mkono, anauliza, "Barua yangu imekuja?"

Sisi tunapekua. "Bado, Bibi."

"Haya, hewala," anasema, na anachukua kofia yake aliyokuwa anaishona. Ilikuwa kofia ya vito, yenye vitundu vinavyozungushiwa uzi, ya Baba mdogo, ya kuvaa Idi. Idi ikapita. Akasema basi ya Idi ile nyingine.

Na humo kapuni, jamani, mlikuwa na bahasha nyeupe yenye picha ya jicho pembeni. Iliingilia Mount Dennis. Kamera aliiona, akaona jicho, akaona jina, akanirushia. Hakufikiri hata kidogo. Mimi nikaitazama nikajua si yangu, maana mambo ya chuo hayaji nyumbani. Na Kamera wiki zile alikuwa analia kichwa kinamuuma kwa kukodolea filamu, ameapa ataenda kupimwa. Nikachukua kalamu nikaandika juu ya bahasha, "Ya kwako. Kapime." Nikairudisha.

Jumapili iliyofuata nikaikuta tena upande wangu, imeandikwa, "Sikwenda popote. Jicho ni biashara yako."

Nikaandika, "Anayegonga milango ya vioo ni nani?"

Akaandika, "Mara moja tu! Na mlango ulikuwa msafi mno."

Ndivyo tulivyoendelea, miezi saba. Bahasha ikajaa maandishi pande zote, mpaka pembeni tukachorana, mimi nikamchora na pua ndefu, yeye akanichora na macho manne. Ilishakuwa mchezo wetu. Watu wazima wawili wenye digrii, tunachekana kwa bahasha, na Bibi amekaa kati yetu anatabasamu kwa sababu anasikia tunacheka. Mwisho nilichoka nikaandika kwa herufi kubwa, MWENYEWE AICHUKUE! Nikaitupa kapuni, ikabaki humo.

Kliniki nao hawakukaa kimya, walipiga simu. Lakini mchana Bibi alikuwa peke yake nyumbani, na sisi wenyewe tulimfundisha kwamba akipigiwa na mtu anayesema Kiingereza haraka haraka, huyo ni tapeli anayejidai anataka kuja kusafisha mabomba ya hewa ya nyumba, amjibu "No senkyu" akate. Bibi alilijua somo hilo vizuri sana. Alikuwa analisema kwa madaha, kama malkia anayekataa chai.

Kuna jambo jingine la wakati ule ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilileta kompyuta nyumbani niwapime familia kwa picha zangu. Baba mdogo hakuona pazia lilipoondoka, ila aliona nyama imepungua kwenye pilau. Nikamwita Bibi. Kila picha alijibu, "Nzuri sana, somo." Tofauti? "Sioni tofauti, zote nzuri." Nikabonyeza kitu vibaya, kioo kikazimika, cheusi tii. "Na hii?" nikamuuliza kwa utani.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," akasema Bibi.

Tulicheka mpaka Baba mdogo akapaliwa. Bibi naye alicheka. Kwenye daftari langu nikaandika kwamba wazee wana ucheshi lakini hawana subira na majaribio.

Kipindi hichohicho Kamera akaamua kwamba filamu yake mpya ni Jumapili zetu. Akasimamisha mashine pembeni ya kabati la vyombo, ikakaa hapo wiki baada ya wiki inatutazama tunakula. Mwanzoni Baba mdogo alikuwa anavaa koti kabisa. Wiki ya nne alishasahau, anajichokonoa meno mbele ya dunia.

Siku moja asubuhi Kamera akanipigia. "Somo, njoo." Hakuniita Macho. Nikamwambia nina darasa. Akasema, "Njoo sasa hivi." Sijawahi kumsikia na sauti ile. Nikapanda basi la Eglinton, na barabara yenyewe wakati huo ilikuwa inachimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, sijui walikuwa wanatafuta nini, nikafika kwao saa nzima na nusu baadaye nimekasirika.

Akanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta yake, akaniambia, "Mtazame Bibi. Usinitazame mimi wala wewe. Bibi tu."

Nikamwona Bibi anashona kofia. Sindano inaingia, inatoka, mkono unakwenda juu kwa mwendo wake mzuri wa miaka yote. Kamera akaivuta picha karibu. Sindano haikuwa na uzi.

"Nimeangalia za nyuma," akasema. "Haina uzi tangu Ramadhani."

Akaleta nyingine. Mimi naingia mlangoni, naketi karibu na Bibi. Bibi anatabasamu, hasemi kitu, ananishika mkono kwanza. Vidole vinapanda mpaka kwenye bangili yangu. Vikishaifika ndipo anasema, "Somo, chuoni hawajambo?" Baadaye anakaa Kamera, ambaye havai bangili. Vidole vinapanda, havikuti kitu. "Somo, umepiga picha gani leo?" Jumapili hii, ile, na ile. Hakukosea hata moja. Bibi alikuwa hatuoni. Alikuwa anatupapasa.

Mimi! Mwenye chumba cha giza, mwenye makala, ninayepita nikiwacheka watu kwa birika! Nilitaka kusema jambo la kitaalamu, kwamba akili huziba mapengo, kwamba tunaona tunachotarajia, nikaona aibu hata kufungua mdomo.

"Bado," akasema Kamera, naye analia. "Tazama mezani."

Kikapu kimetua. Bibi anageuza uso kuelekea sauti yake. "Barua yangu imekuja?" Na kwenye kioo, mchana kweupe, mkono wangu unaitoa bahasha yenye jicho, unamrushia Kamera, na sauti zetu mbili zinasema kwa pamoja, "Bado, Bibi."

Tukatazamana. Tulikimbilia kikapu, tukakwaruzana kama watoto, yeye akaichana. Ndani mlikuwa na jina letu na tarehe ya kuzaliwa ambayo si ya mtu yeyote aliyekwenda shule na sisi. Siku ya kwenda kliniki ilikuwa imepita zamani, na chini wamesema asipofika jina lake litaondolewa kwenye orodha.

Nikapiga simu. Yule dada wa kliniki akasema walipiga mara tatu, na mama mmoja mwenye sauti nzuri aliwajibu kwamba hahitaji, ahsante. Nilimwomba kwa Kiingereza, nikamwomba kwa Kiswahili bila kujua, nikalia kidogo. Akatuonea huruma, akatuingiza nafasi ya mtu aliyejitoa.

Bibi zamu ile alikuwa Thorncliffe. Tulimkuta ameketi karibu na dirisha na ile kofia. Tukapiga magoti tukamweleza yote, mpaka habari ya bahasha. Bibi akaiweka ile kofia pajani.

"Kumbe nilikuwa nimekaa na barua yangu," akasema.

"Bibi, kwa nini hukusema kwamba huoni kabisa?"

"Niseme ili iweje? Mna kazi zenu. Nilisema macho yananisumbua, mkasema miwani inakuja." Akatafuta kichwa changu kwa mkono, akakipata, akagusa na cha Kamera. "Na nyinyi Mungu amenirahisishia. Nikiita somo, yeyote atakayeitika sijakosea."

Hapo nililia kwa sauti, sina haya.

Siku ya kliniki walipoita jina, tulisimama watatu. Dada wa mapokezi akaomba kadi, zikatoka tatu, jina lilelile. Akatazama kadi, akatutazama sisi, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja akauliza mgonjwa ni yupi, Bibi akajibu kwa madaha, "No senkyu." Tulicheka vibaya, watu wote wakageuka.

Wakamtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia. Kesho yake kitambaa kikaondolewa, tukamrudisha nyumbani, tukajipanga mbele yake kama wanajeshi, mimi na bangili yangu nimeivua. Akapepesa macho. Akanitazama mimi, akamtazama Kamera, akanirudia.

"Wewe ndiye uliyenenepa," akaniambia.

"Ni sambusa, Bibi."

"Na wewe, nywele zina nini?" akamwambia Kamera. Baba mdogo akasogea naye aonwe, akaambiwa ameota mvi na koti halimkai. Hakuna aliyesalimika, na hatujawahi kufurahia kusemwa namna ile.

Kisha akasema, "Nileteeni barua yangu."

Tukasema, Bibi, tarehe imepita, haina kazi tena. Akasema hakuuliza kama ina kazi. Kamera akamletea kikapu. Bibi akaitoa bahasha, akaisogeza dirishani, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kidole chini ya neno. Alisoma jina kwanza, la mbele na la nyuma, akatua. Halafu akasoma yote. Ya kwako, kapime. Jicho ni biashara yako. Anayegonga milango ya vioo ni nani. Akaigeuza, akasoma pembeni, akaitazama pua ndefu, akatazama macho manne. Mimi na mwenzangu tumesimama tunatazama zulia. Akafika kwenye zile herufi zangu kubwa. Mwenyewe aichukue.

Akaomba kalamu. Chini ya herufi zangu, kwa mwandiko wa shule ya zamani, ulioinama kidogo kulia, akaandika, "Nimeichukua." Akaweka sahihi yake, jina letu sote.